Mizinga ya Ukraine yamwachia mwindaji makopo matupu

KATIKA maduka mengi ya bunduki nchini Marekani mna rafu moja ambayo tangu mwaka 2020 imezoea kukaa tupu. Ni rafu ya makopo ya baruti, ambayo mteja huyanunua kwa ratili na kwenda nayo nyumbani ili akajaze risasi zake mwenyewe. Miongoni mwa makopo yanayotafutwa mno ni yale ya baruti inayoungua polepole, ambayo ndiyo inayofaa bunduki kubwa za kuwindia. Mzigo ukifika, huisha siku hiyo hiyo, na kopo ambalo kabla ya 2020 liliuzwa karibu dola 30 sasa huuzwa dola 50 au zaidi.

Kwa mtu aliye mbali, hili linaweza kuonekana kuwa tatizo la watu wachache wenye fedha na wakati wa kuchezea. Kulungu wa Montana hawezi kumnyima usingizi msomaji wa Nairobi au Mombasa. Hata hivyo, anayeifuata njia ya kopo hilo kutoka dukani hadi linakotoka atajikuta akipitia kiwandani Australia, kwenye mapipa ya asidi nchini Uswidi, katika mashamba ya pamba ya China na hatimaye kwenye mahandaki ya mashariki mwa Ukraine. Safari hiyo inaeleza mambo ambayo hotuba za wakuu wa nchi kuhusu msaada wa silaha huwa haziyagusi.

Kubwa miongoni mwa mambo hayo ni hili: mwindaji anayejaza risasi zake hakuwahi kuwa na baruti yake. Miaka yote amekuwa akila masalio ya meza ya jeshi. Jeshi lilipokuwa limeshiba, alipata chakula tele kwa bei ya kutupa. Jeshi liliposhikwa na njaa tena, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuondolewa mezani.

Kazi ya mezani

Kujaza risasi kwa mkono ni jambo geni kwa Wakenya wengi. Uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimruhusu raia kujitengenezea risasi nyumbani bila idhini. Nchini Marekani, Afrika Kusini, Australia na mataifa kadhaa ya Ulaya, kazi hiyo ni halali na ina mamia ya maelfu ya wafuasi. Tanzania, ambako uwindaji wa kitalii ungali unaruhusiwa, baadhi ya wageni huja na risasi walizozijaza wenyewe makwao.

Risasi moja ina sehemu nne. Kuna ganda la shaba, kuna fataki kwenye kitako chake, kuna baruti ndani, na kuna kichwa cha risasi kinachofunga mdomo. Bunduki ikilia, fataki huwasha baruti, baruti hugeuka gesi, na gesi hukisukuma kichwa kupitia mtutu. Ganda hubaki. Kwa kuwa ganda ndilo sehemu ghali na linaweza kutumika mara kadhaa, mwenye kifaa cha mkono, mizani nyeti na kitabu cha vipimo huliokota, akalisafisha, akalirudisha kwenye umbo lake, akatia fataki mpya na baruti mpya.

Zamani sababu kubwa ilikuwa ni kupunguza gharama. Siku hizi wengi hufanya hivyo kwa ajili ya usahihi, kwani risasi inayopimwa moja moja kwa mizani hupiga mahali pamoja zaidi kuliko ya kiwandani. Wapo pia wenye bunduki za zamani ambazo risasi zake hazitengenezwi tena na kampuni yoyote. Hao wasipojaza wenyewe, bunduki zao hugeuka mapambo ya ukutani.

Polepole yenye mwendo

Neno polepole linaweza kumpotosha msomaji. Baruti inayoitwa ya polepole humaliza kazi yake katika muda usiofika hata sehemu mbili za sekunde iliyogawanywa mara elfu. Upole wake hulinganishwa na baruti za bastola, ambazo huungua kwa kasi zaidi.

Tofauti hiyo ndiyo roho ya jambo lenyewe. Ganda la bunduki kubwa ya kuwindia ni pana, lakini mtutu wake ni mwembamba, mithili ya chupa yenye shingo nyembamba. Baruti ya haraka ikijazwa humo, gesi yote huzuka kabla kichwa cha risasi hakijasogea vya kutosha. Isipopata pa kwenda, gesi hupasua chuma. Baruti ya polepole hutoa gesi yake kwa awamu. Kadiri kichwa kinavyosonga mbele na kuacha nafasi nyuma yake, ndivyo gesi nyingine inavyoijaza nafasi hiyo na kuendelea kusukuma. Mfano wake ni watu wanaosukuma gari lililozimika: anayelipiga teke hulibonyeza bodi tu, ilhali wanaolisukuma hatua kwa hatua huliondoa.

Watengenezaji huipata tabia hiyo kwa njia mbili. Ya kwanza ni umbo. Chembe hukatwa kama vijiti vifupi vyenye tundu katikati. Kijiti kinapoungua kwa nje hupungua, lakini tundu lake kwa ndani hupanuka, na hivyo eneo linaloungua halipungui haraka. Njia ya pili ni kuzipaka chembe kemikali inayouchelewesha moto mwanzoni. Kosa dogo katika kazi hizo mbili hubadilisha tabia ya pipa zima.

Nguvu inayozungumziwa hapa si ya mchezo. Bunduki ya aina ya .270 Winchester, iliyoingia sokoni mwaka 1925 na ingali maarufu kwa wawindaji, hufanya kazi kwa shinikizo linaloweza kufika ratili 65,000 kwa kila inchi ya mraba. Hiyo ni zaidi ya mara 2,000 ya upepo ulio katika gurudumu la gari dogo. Na kiwango hicho chote huzuka umbali wa shubiri moja tu kutoka usoni mwa mpigaji.

Vita vya panzi

Waswahili husema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kumalizika mwaka 1945, serikali ya Marekani ilijikuta na maghala yaliyosheheni baruti ambayo haikuwa na adui wa kumpigia. Sehemu ya shehena hiyo ilikuwa ndani ya risasi na makombora yaliyokwisha kutengenezwa, na ikabidi yafunguliwe ili baruti itolewe.

Katika jimbo la Kansas alikuwapo Bruce Hodgdon, muuzaji wa kampuni ya gesi ya kupikia na mpenzi wa kulenga shabaha. Alikopa fedha kwa dhamana ya bima yake ya maisha, akanunua baruti ya jeshi iliyojulikana kwa nambari 4895, akaihifadhi ndani ya behewa kuukuu la treni lililowekwa kwenye malisho ya kukodi. Kisha akaanza kuitangaza kwa wajazaji risasi. Kampuni ya Hodgdon, ambayo leo ni mojawapo ya majina makubwa zaidi katika biashara hiyo duniani, ilizaliwa ndani ya behewa hilo.

Mwaka 1949 Hodgdon alileta aina nyingine, nambari 4831. Baruti hii ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya mizinga midogo ya milimita 20, na ilikuwa ya polepole kuliko karibu kila kitu ambacho raia alikuwa amewahi kuuziwa. Wajazaji waligundua kwamba inaoana vizuri mno na maganda makubwa yenye mtutu mwembamba. Jack O'Connor, mwandishi wa masuala ya bunduki katika jarida la Outdoor Life ambaye pia aliwahi kuwinda Afrika Mashariki, aliisifu kwa miaka mingi kama mwenzi wa bunduki yake ya .270. Kutokana na baruti hiyo ya bei rahisi, bunduki za risasi nyepesi na zenye mwendo mkali zilipata umaarufu ambao zisingeupata kirahisi.

Ni vyema kutafakari maana ya historia hiyo. Utamaduni mzima wa uwindaji wa masafa marefu, unaojisifu kwa uhuru na kujitegemea, ulisimama juu ya bidhaa iliyolipiwa na walipakodi kwa ajili ya vita. Hakuna mwekezaji aliyejenga kiwanda kwa kuwafikiria wawindaji. Serikali ilijenga, vita vikaisha, masalio yakauzwa.

Masalio nayo yana mwisho. Kufikia miaka ya 1970 shehena ya zamani ya 4831 ilikuwa imekwisha, na Hodgdon ikalazimika kuagiza mpya kutoka Scotland. Baadaye utengenezaji ulihamia Mulwala, katika jimbo la New South Wales nchini Australia, ambako baruti hiyo na dada zake kadhaa za polepole zimekuwa zikitengenezwa kwa miaka mingi. Kiwanda cha Mulwala ni mali ya serikali ya Australia, huendeshwa na kampuni ya Thales, na kazi yake ya kwanza ni kulihudumia jeshi.

Mulwala si peke yake katika hali hiyo. Baruti ya polepole iitwayo Reloder 22, iliyouzwa Marekani kwa jina la Alliant, ilitoka Karlskoga nchini Uswidi. Zile za IMR zimekuwa zikitoka Valleyfield nchini Canada, na za Vihtavuori hutoka Finland. Karibu kila kopo linalopendwa na mwindaji wa Marekani limepitia mlango wa kiwanda ambacho mteja wake mkuu ni wizara ya ulinzi ya nchi fulani.

Fahali wawili

Uhaba wa sasa haukuanzia Ukraine. Mwaka 2020, janga la korona, maandamano na uchaguzi mkuu wa Marekani viliwafanya raia wa nchi hiyo kununua silaha na risasi kwa kasi kubwa. Wengi walinunua kwa hofu na kuficha. Mwaka huo huo kampuni kongwe ya Remington iliomba hifadhi ya mahakama kwa sababu ya madeni. Fataki zikatoweka, na baruti ikafuata.

Kwa kawaida hofu kama hiyo hupoa, wenye kuficha wakachoka, rafu zikajaa tena. Safari hii Urusi iliivamia Ukraine mnamo Februari 2022 kabla rafu hazijapata nafasi ya kujaa. Vita vikageuka vya mizinga, aina ambayo mataifa ya Magharibi yaliamini kuwa imepitwa na wakati. Kabla ya uvamizi, Marekani ilikuwa ikitengeneza takriban makombora 14,000 ya milimita 155 kwa mwezi. Ikajiwekea lengo la 100,000 kwa mwezi kufikia mwishoni mwa 2025. Umoja wa Ulaya nao uliiahidi Ukraine makombora milioni moja kufikia Machi 2024, lakini mwezi huo ulipofika ulikuwa umetimiza takriban nusu tu.

Hesabu ndogo yatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Risasi moja ya .270 hubeba karibu gramu 4 za baruti. Mzinga wa milimita 155 ukirusha kombora hadi umbali wake wa mwisho hutumia zaidi ya kilo 10. Hivyo basi, mlio mmoja wa mzinga huteketeza baruti ambayo ingejaza risasi 2,500 za kuwindia. Mwindaji wa kawaida hamalizi kiasi hicho kwa miaka mingi. Katika uwanja wa vita, huisha kabla mpigaji hajafuta jasho.

Ni kweli kwamba baruti ya mzinga na ile ya bunduki hazitoki kwenye mashine moja kila mara, na mapishi yake hutofautiana. Lakini zote zina mama mmoja, yaani nitroselulosi, ambayo ni pamba iliyochovywa katika mchanganyiko wa asidi ya nitriki na asidi ya sulfuriki. Mama akikosa maziwa, watoto wote hulia, isipokuwa yule anayepakatwa. Na wakati wa vita anayepakatwa ni mzinga.

Mnamo Januari 2023, mawaziri wa Australia na Ufaransa walitangaza jijini Paris kwamba nchi hizo zingeshirikiana kuipatia Ukraine maelfu ya makombora ya milimita 155. Ufaransa ingetengeneza makombora, Australia ingetoa baruti. Kwa wanasiasa hiyo ilikuwa ishara ya urafiki uliorejea baada ya ugomvi wa nyambizi wa mwaka 2021. Kwa wajazaji risasi waliojua makopo yao ya 4831 yanatoka nchi gani, habari hiyo ilikuwa na maana nyingine.

Pigo likaendelea. Mwaka 2024 Alliant iliwaarifu wateja wake kwamba ilikuwa imesitisha kuwapelekea baruti za madukani kutokana na uhaba wa nitroselulosi duniani. Wakati huo Alliant ilikuwa chini ya mmiliki mmoja na Federal, CCI na Remington, kampuni zinazouza risasi zilizokwisha kujazwa. Baadhi ya wajazaji walinung'unika kuwa mwenye kampuni, akiwa na baruti kidogo, ataipeleka kwanza anakopata faida kubwa, yaani kwenye risasi za kiwandani. Kibiashara, shaka hiyo ina mantiki. Ratili moja ya baruti huuzwa mara moja, ilhali ratili hiyo hiyo ikijazwa ndani ya risasi zaidi ya mia moja huleta faida ya ganda, fataki na kichwa pia.

Lakini kuilaumu tamaa peke yake ni kuusahau ukweli mwingine. Mnamo Novemba 2024 kampuni hizo zote zilinunuliwa na shirika la CSG la Jamhuri ya Czech kwa zaidi ya dola bilioni 2. CSG ni mmoja wa watengenezaji wakubwa wa makombora ya mizinga barani Ulaya, na imekuwa ikiipelekea Ukraine silaha. Kwa maneno mengine, anayemiliki kopo la mwindaji wa Marekani sasa ndiye pia anayemiliki kombora la mwanajeshi wa Ukraine. Foleni ambayo zamani ilikuwa baina ya kampuni na serikali sasa imo ndani ya ofisi moja.

Manyoya ya mbegu

Nyuma ya kiwanda kuna shamba. Pamba inayotumika kutengeneza nitroselulosi haihitaji kuwa ile ndefu ya kufumia nguo. Hutumika vinyweleo vifupi vinavyobaki vimeng'ang'ania mbegu baada ya pamba kuchambuliwa. Mkulima wa Busia, Kitui au Mpeketoni anavifahamu vyema, ingawa yeye huziona mbegu hizo zikienda kukamuliwa mafuta na kufanywa chakula cha ng'ombe.

Kwa miaka mingi Ulaya ilinunua vinyweleo hivyo kutoka China bila wasiwasi. Mnamo Machi 2024, Thierry Breton, aliyekuwa Kamishna wa Umoja wa Ulaya anayehusika na soko la ndani, alilalamika hadharani kwamba usafirishaji kutoka China ulikuwa umekoma miezi kadhaa awali. Armin Papperger, mkuu wa kampuni ya Rheinmetall ya Ujerumani, alisema mwaka huo huo kwamba Ulaya huitegemea China kwa zaidi ya asilimia 70 ya bidhaa hiyo. Bara zima lililokuwa limeahidi kuisaidia Ukraine hadi mwisho likagundua kwamba sharti la ahadi yake limo mikononi mwa rafiki wa Urusi.

Somo hili si geni. Mnamo Agosti 1915, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Uingereza iliitangaza pamba kuwa bidhaa haramu ya kivita ili isiwafikie Wajerumani, nao Wajerumani wakageukia nyuzi za miti kutengeneza baruti. Yaliyojulikana wakati huo yalisahauliwa baada ya Vita Baridi, pale serikali zilipoamini kuwa soko la dunia litauza kila kitu kwa kila mtu siku zote. Ufaransa, nchi ambako mkemia Paul Vieille alivumbua baruti isiyo na moshi mwaka 1884, iliacha kutengeneza baruti ya mizinga huko Bergerac mwaka 2007. Mnamo Aprili 2024 Rais Emmanuel Macron alirejea pale kuweka jiwe la msingi la kiwanda kipya chenye lengo la tani 1,200 kwa mwaka.

Fedha zinaonyesha mahali kidonda kilipo. Umoja wa Ulaya ulipogawa takriban Euro 500 milioni mwaka 2024 ili kuharakisha utengenezaji wa silaha, karibu nusu yake, takriban Euro 248 milioni, ilielekezwa kwenye baruti. Makombora yenyewe yalitengewa karibu Euro 90 milioni. Chuma kilikuwepo. Kilichokosekana ni cha kukirusha. Mwaka uliofuata, Rheinmetall ilimnunua mtengenezaji wa nitroselulosi wa Ujerumani ambaye awali alikuwa akivihudumia zaidi viwanda vya rangi na vanishi. Hata watu wa rangi sasa wamo kwenye foleni.

Kishawishi cha kubahatisha

Mwenye kukosa unga hupika viazi. Mjazaji wa risasi hana uhuru huo, na hapa ndipo uhaba unapoacha kuwa suala la bei na kugeuka suala la uhai.

Baruti mbili zinaweza kufanana kwa rangi na umbo, zikatofautiana kabisa kwa kasi. Kisa cha 4831 chenyewe kinatosha kuwa onyo. Katika miaka ya 1970 kampuni ya DuPont ilianza kuiuzia raia baruti yake iliyoitwa IMR 4831, wakati ambapo ile ya Hodgdon, H4831, ilikuwa tayari madukani. Nambari ilikuwa moja, asili yake moja, lakini ile ya DuPont huungua haraka kidogo. Vitabu vya vipimo vimekuwa vikiwaonya wasomaji tangu wakati huo kwamba kipimo kilichoandikwa kwa moja hakifai kwa nyingine. Ikiwa ndugu wawili wenye jina moja hawawezi kubadilishana nafasi, sembuse wageni waliookotwa kwenye rafu kwa sababu tu ndio waliobaki.

Uhaba huchochea makosa ya aina tatu. Kuna anayenunua kopo lililokwisha kufunguliwa kutoka kwa mtu asiyemjua. Kuna anayechanganya masalio ya makopo mawili ili yatoshe. Na kuna anayechukua kipimo cha baruti moja na kukitumia kwa nyingine kwa kuwa orodha ya kasi imeziweka jirani. Orodha hizo hupanga baruti kwa mfuatano tu, hazisemi umbali ulioko kati ya moja na nyingine. Mtutu ukipasuka, mpigaji anaweza kupoteza jicho, vidole au maisha, na mara nyingi wa pembeni yake hasalimiki.

Wanaoitengeneza baruti hiyo hulipa gharama nyingine. Mnamo Septemba 3, 2018, wafanyakazi wanane waliuawa katika mlipuko kwenye kiwanda cha Rheinmetall Denel Munition huko Macassar, karibu na Somerset West nchini Afrika Kusini. Eneo hilo ndilo lililozaa baruti za Somchem ambazo wawindaji wa kusini mwa Afrika wamezitegemea kwa vizazi. Asilimia 51 ya kampuni hiyo ni ya Rheinmetall, na asilimia 49 ni ya shirika la serikali la Denel. Hivyo hata mwindaji wa Limpopo, aliyedhani baruti yake ni ya nyumbani, anategemea maamuzi yanayofanywa Ujerumani. Serikali zinapodai viwanda viongeze kasi, ni vyema zikumbuke kwamba wanaoongezewa kasi ni binadamu waliosimama kando ya mapipa ya moto uliolala.

Nani yuko mwisho wa foleni?

Wako wanaosema kuwa mwindaji hastahili kuhurumiwa, kwani kulungu wake anaweza kusubiri ilhali mji wa Kharkiv hauwezi. Hoja hiyo ni nzito, na wajazaji wengi wenyewe hawaipingi. Baina ya kulungu na mtoto aliye chini ya mabomu, hakuna mwenye akili timamu anayeuliza nani atangulie.

Lakini swali halikupaswa kufika hapo. Lililetwa na miongo mitatu ya kuvifunga viwanda, kuuza mitambo na kumtegemea muuzaji mmoja wa mbali kwa sababu bei yake ilikuwa nafuu. Mwindaji ni kipimajoto tu. Rafu yake ilipokauka, ilikuwa ikitangaza mapema kwamba ghala la jeshi nalo lina kina kifupi. Hakuna waziri aliyeisoma habari hiyo dukani, na ikabidi aisome katika ripoti kutoka mstari wa mbele.

Viwanda vipya vitakapoanza kutoa mazao kikamilifu, yumkini mambo yatageuka tena. Vita navyo vina mwisho, hata vikikawia. Siku hiyo maghala ya Ulaya na Marekani yatasheheni baruti isiyo na kazi, na si ajabu kwamba kijana fulani mwenye ari ya Hodgdon atakopa fedha, atafute pa kuihifadhi, na kuwarudishia wawindaji karamu yao. Akifanya hivyo, watakuwa wamerudi pale pale walipokuwa mwaka 1949, wakila masalio na kujiita huru.

Kwa mataifa yenye viwanda vya kutengeneza risasi, Kenya ikiwemo kwa kiwanda chake cha Eldoret, kisa hiki kina funzo ambalo halihitaji mwindaji yeyote. Mashine za kuunganisha ganda, fataki na kichwa zinaweza kununuliwa kwa fedha na kufungwa kwa miezi michache. Baruti hutaka pamba, asidi, maji mengi, wakemia na subira ya miaka. Nchi isiyo na hivyo huwa na kiwanda wakati wa amani, na wakati wa vita huwa na jengo. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi, na nyasi hazichagui zimeota bara gani.